Kizibo Kimoja cha Chumvi

Wiki niliyokabidhi funguo za zahanati, nesi kijana anayeshika nafasi yangu alifungua droo ya pili ya meza akakuta kizibo cha soda kilicholiwa na kutu pembezoni, kimeviringishwa kwenye kipande cha bandeji. Akaniuliza kwa heshima zote kama akitupe. Nikamwambia akirudishe kilipokuwa. Alikirudisha, lakini nilimwona akimtupia mwenzake jicho, lile jicho ambalo vijana hulitumia wakidhani wazee hawaoni. Kwa hiyo naandika. Hamtasoma humu nilipanda cheo lini au nililipwa nini. Hayo yamo kwenye faili, na sijawahi kuona faili likimponya mtu. Nitaandika juu ya maji na chumvi. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya, ninaionea fahari, na kuna mtoto mmoja aliyekaribia kufa kwa sababu ya mafundisho yangu mwenyewe.

Niliingia kazini miaka michache baada ya uhuru, kijana wa darasa la nane kutoka upande wa Ikungi, na viatu vya kuazima kwa mjomba. Nilitarajia kukabidhiwa koti jeupe na sindano. Nilipewa aproni ya turubai na ndoo mbili, nikaelekezwa chumba kilichokuwa nyuma ya nyumba ya kufulia ya hospitali. Wenyewe walikiita jikoni. Humo ndimo zilimopikwa dripu, maana chupa za kutoka nje zilikuwa zikija kwa kudra. Mpishi mkuu alikuwa Bwana Msengi, mtu wa Ulemo, mfupi, mkimya, ambaye hakucheka kabla ya chai ya asubuhi wala baada yake. Nilipomwamkia, alinitazama mikono badala ya uso. Akaniambia nikaikoshe, kisha nirudi nikaikoshe tena.

Maji ya mjini Singida mnayajua yalivyo, yana chumvi yake ya asili. Tuliyachemsha kwenye pipa la shaba, mvuke ukapita kwenye bomba lililozungushiwa maji ya baridi, ukageuka matone, matone yakadondokea kwenye chupa. Chupa moja ilichukua muda wa kumchosha mtu mwenye subira, na mimi subira sikuwa nayo. Ndani ya pipa yalibaki magamba meupe ambayo niliyakwangua kila Jumamosi kwa kipande cha bati. Maji yaliyotoka upande wa pili hayakuwa na ladha wala harufu. Niliyaona ni maji safi kuliko yote duniani, na nilijiona kama aliyeyaumba.

Siku ya nne nikamwona Bwana Msengi anapima chumvi gramu tisa kwa mizani yake ndogo ya shaba, anaimimina kwenye lita moja ya maji yale. Nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza inakuwaje tunashinda kutwa tunayatoa maji chumvi, halafu yeye anairudisha. Nikaongeza, kwa kimbelembele cha ujana, kwamba mgonjwa angefaidika zaidi na maji matupu.

Bwana Msengi alinishika kidole, akakichoma, akakamua damu tone moja moja kwenye mirija mitatu ya kioo. Mrija wa kwanza ulikuwa na maji yangu safi. Wa pili ulikuwa na maji ya gramu tisa. Wa tatu ulikuwa na maji aliyoyatia chumvi ya kukunjisha uso. Tukasubiri kidogo, kisha akaweka kipande cha gazeti nyuma ya mirija, akaniamuru nisome. Kupitia mrija wa pili na wa tatu sikuona herufi hata moja, damu ilikuwa imetanda kama tope. Kupitia mrija wa kwanza nilisoma vizuri kabisa. Maji yalikuwa mekundu lakini yanaangaza.

"Unasoma kwa sababu chembe zako zote za damu zimepasuka," akasema Bwana Msengi. "Hayo ndiyo uliyotaka kumtia mgonjwa kwenye mshipa."

Kisha akaniwekea tone la mrija wa tatu kwenye hadubini. Chembe zilikuwa hai, ila zimenyauka na kujikunja kama maharage yaliyoanikwa. Akanieleza kwa maneno machache ambayo mpaka leo sijapata bora kuliko hayo. Chembe ina ngozi nyembamba. Maji hupenya ngozi hiyo kwa urahisi, chumvi haipiti ovyo. Basi maji huelekea palipo na chumvi nyingi. Chumvi ikiwa nyingi ndani kuliko nje, maji yanaingia mpaka chembe inapasuka. Ikiwa nyingi nje, maji yanatoka na chembe inanyauka. Zikiwa sawa, maji yanaingia na kutoka kwa kiasi kile kile, na chembe inakaa salama. Nyinyi mmesoma, mtayakuta vitabuni kwa majina marefu: haipotoniki, haipatoniki, isotoniki, na nguvu yenyewe ya maji ya nje kuijaza au kuinyausha chembe inaitwa tonisiti. Sisi jikoni tulisema maji mepesi, maji makali na maji sawa. Wagonjwa walipona kwa majina yote mawili.

Nilidhani somo limekwisha. Bwana Msengi akachukua chembe zile zilizonyauka, akazidondoshea maji matupu kwa mkupuo. Zilijaa, zikapasuka mbele ya jicho langu. Akachukua nyingine, akaziongezea maji kidogo kidogo, akisubiri, akiongeza, akisubiri. Hizo zilirudi kuwa mviringo, nzima. Aliniambia kilichonyauka hakirudishwi kwa pupa, kisha akanituma nikaoshe mirija. Niliosha huku nimenuna, kwa kuwa kidole kiliniuma na kimbelembele changu kiliniuma zaidi.

Nilikaa jikoni kwake miaka mingi kuliko nilivyopanga. Alinifundisha kwamba sukari na chumvi si wageni wa aina moja mwilini. Dripu ya sukari ni maji sawa ikiwa kwenye chupa, lakini ikishaingia mwilini sukari huliwa, na yanayobaki ni maji mepesi. Chumvi hukaa. Alinifundisha kutomwamini mtu anayepima kwa jicho, hata akiwa daktari, na hasa akiwa daktari. Nilipotumwa kusomea uganga msaidizi wa vijijini, hakunipa mkono wa kwaheri. Alinipa kipande cha karatasi chenye vipimo vyote vya jikoni, kwa mwandiko ulionyooka kama wa mtoto aliyechapwa fimbo.

Nilipohitimu, vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeanza. Nilipangiwa kijiji kipya kati ya Iguguno na Nduguti, watu wamehamia juzi, nyumba bado zinanuka udongo mbichi. Zahanati ilikuwa vyumba viwili vya bati. Kinyiramba changu kilikuwa cha kuchekesha, na walikicheka, lakini walinipokea vizuri, wakaniita mganga kabla sijamtibu hata mmoja. Tatizo lilikuwa maji. Zamani kila ukoo ulikuwa na kisima chake. Sasa kijiji kizima, na ng'ombe wake, kilitegemea lambo moja. Mvua za kwanza zilipoosha kila kitu na kukipeleka lamboni, watoto walianza kuharisha.

Dripu nilizokuwa nazo ziliisha haraka. Nilijua kwamba mtoto anayeharisha hafi kwa kuharisha, anakufa kwa kukauka, na kwamba kama bado anameza, maji sawa yanaweza kupita mdomoni badala ya mshipani. Lakini mama atapimaje? Vijiko vya chai vilikuwa vichache kijijini kuliko vyerehani. Kitu kilichokuwa kila nyumba ni chupa tupu za soda, za kuwekea mafuta ya taa na samli, na vizibo vyake ambavyo watoto walichezea. Nikamwandikia Bwana Msengi. Alipima kwa mizani yake, akajibu kwa mstari mmoja: maji yaliyochemshwa chupa tatu, chumvi kizibo kimoja cha kusawazisha kwa kisu, sukari vizibo vinane.

Nilifundisha kila siku ya kliniki. Kina mama walirudia kwa sauti, kimoja, vinane, tatu, mpaka watoto wakageuza kuwa mchezo wa kuruka. Watoto wengi walisimama. Nilitembea kifua mbele, na sitajifanya kwamba sikufanya hivyo. Halafu sukari ikatoweka kwenye duka la ushirika. Mimi nilikuwa na kopo langu la sukari nililoletewa na dada yangu kutoka mjini, kwa hiyo uhaba huo sikuuona kwenye kikombe changu. Niliendelea kufundisha vizibo vinane kama vile vinaota shambani, na hakuna mama aliyeniuliza, maana mganga haulizwi. Hilo ndilo kosa langu, na nataka mlisome mara mbili.

Asha binti Njiku aliletwa asubuhi, mgongoni kwa mama yake. Hakuwa amefikisha miaka miwili. Nilishakuwa na mazoea na watoto waliokauka: macho yamezama, wamelegea, ukifinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Huyu hakuwa hivyo. Alikuwa anapapatika, analia kwa sauti nyembamba kali bila chozi, ulimi mkavu kama kigae. Nilipomfinya tumbo, ngozi ilikuwa nzito kama unga uliokandwa. Alikodolea macho kila chombo kilichokuwa na maji. Nikamuuliza mama yake alimpa nini.

"Kile ulichotufundisha, mganga. Maji chupa tatu, tangu juzi, kwa kijiko cha mti."

"Na sukari?"

"Sukari haipo dukani. Niliongeza chumvi ishike nafasi yake. Vizibo vinne, ile ya ziwani tunayowapa ng'ombe." Aliniona uso unabadilika, akaendelea haraka. "Ng'ombe akidhoofika tunamlambisha chumvi, mganga. Anakwenda kunywa maji, anasimama."

Msimcheke. Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Ng'ombe akishalamba chumvi hujipeleka mwenyewe lamboni akanywa mpaka atosheke. Mtoto wa mgongoni hajipeleki popote. Kila kijiko cha dawa yangu kilikuwa kimeyavuta maji ya mwili wa Asha kutoka kwenye chembe zake, na kila alipozidi kukauka, mama alimwongezea kijiko kingine kwa mapenzi.

Mkono wangu ulikuwa umeshashika mtungi. Nawaambia ukweli, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kumnywesha maji matupu hadi kiu iishe. Chumvi imezidi, basi imwagie maji. Ndipo nikaikumbuka hadubini ya Bwana Msengi, na chembe zilizonyauka zikipasuka mbele ya jicho langu. Chembe za Asha zilikuwa zimenyauka, hata za ubongo. Nikizijaza kwa pupa zitavimba, na ubongo ukivimba hauna pa kwenda. Nikauweka mtungi chini. Nikatoa kopo langu la sukari, nikachanganya maji sawa, nikamwambia mama: kijiko kimoja, kisha tusubiri, kisha kijiko kimoja. Katikati amnyonyeshe kidogo. Siku mbili hivyo.

Habari zilifika kwenye banda la ngozi alikofanya kazi baba yake, Mzee Njiku, aliyekuwa mtunza ngozi wa kijiji. Alikuja na kibuyu kimejaa, na nyuma yake nusu ya kijiji. Mtoto alipokiona kibuyu alinyoosha mikono yote miwili. Mzee Njiku hakunisalimu, na kwa watu wale hilo peke yake ni kesi.

"Mganga," akasema, "mwanangu anakufa kwa kiu, na wewe umekalia maji."

Kinyiramba changu kiliniacha hapo hapo, na Kiswahili nacho kilitaka kukimbia. Chembe ningemwambia nini? Nilichokiona ni mikono yake, myeupe kwa chumvi hadi kwenye viwiko. Nikamuuliza ngozi mbichi akiipaka chumvi inakuwaje. Akasema, kwa hasira, kwamba kila mtu anajua, inatoa maji, yanachuruzika hadi chini, inakauka. Nikamuuliza, na ile iliyokwisha kukauka, akitaka kuikunja leo hii anafanyaje?

"Siikunji leo. Itapasuka." Alisita. "Nailowesha pole pole. Siku mbili."

"Mwanao amepakwa chumvi kwa ndani, mzee. Aliyemfundisha mama yake ni mimi. Niache nimloweshe pole pole."

Mzee Njiku akakiweka kibuyu nje ya mlango, akanawa mikono hadi viwikoni bila kuambiwa, akakaa mkekani na kumpokea mkewe kijiko. Sijawahi kuona mtu anayenywesha kwa uangalifu vile. Alihesabu pumzi zake kati ya kijiko na kijiko, mtoto akimlilia usoni, na hakuongeza hata tone. Adhuhuri mkono wa kushoto wa Asha ulianza kujirusha wenyewe. Nilidhani nimemuua. Nikawaambia tupunguze zaidi, iwe nusu kijiko. Mkono ukatulia. Mama yake alikuwa anamtazama binti yake na kizibo changu cha kupimia kilichokuwa mezani, kwa zamu.

Siku ya pili, jua limeshaanza kuelekea magharibi, mtoto aliacha kupapatika akalala usingizi wa kawaida, kisha akaamka amekasirika. Alimsukuma baba yake kijiko, akalia kwa sauti nene ya mtoto mwenye afya, na chozi likateremka shavuni. Moja, kisha jingine. Mzee Njiku akaniuliza kama analia kwa maumivu. Nilitikisa kichwa, na mimi nilikuwa nalia. Mama Asha alikinga chozi kwa ncha ya kidole akalionja. Alifumba macho kidogo, kama anavyofanya mpishi juu ya chungu.

"Ndiyo hii," akasema. "Chumvi ni hii. Mbona hukutuambia tuonje?"

Kliniki iliyofuata nilisimama mbele ya kina mama nikasema kosa lilikuwa langu, nilifundisha sukari bila kuuliza kama ipo. Walishangaa, hawakuwa wamezoea kumsikia mtumishi wa serikali akisema hivyo, nami sikuwa nimezoea kulisema. Kisha nikampisha Mama Asha. Yeye aliwafundisha uji wa mtama ushike nafasi ya sukari, mwembamba wa kunyweka, wenye chumvi kidogo ya dukani, na kabla ya kumpa mtoto, mama aonje kwanza. Ukizidi machozi kwa chumvi, umwagwe. Mtama ulikuwepo kila nyumba. Mvua za mwaka uliofuata watoto waliharisha kama kawaida, lakini hatukumzika hata mmoja.

Nilimwandikia Bwana Msengi yote, na kosa langu sikulificha. Hakujibu barua. Alikuja mwenyewe, juu ya lori la mahindi, amekumbatia sanduku lenye ile mizani ya shaba. Alikuwa amekaribia kustaafu na alikusudia kuniachia mizani hiyo, ili mambo ya kuonjaonja yakome. Alimwomba Mama Asha aandae uji wake wa chupa tatu. Mama Asha akanawa mikono, akachota chumvi kwa vidole, akaangalia sufuria, akarudisha punje chache. Kabla hajaitia, Bwana Msengi alimzuia kwa adabu, akaiweka chumvi ile kwenye mizani. Upande wa pili akaweka chumvi ya kizibo changu, iliyosawazishwa kwa kisu.

Mshale uliyumba, ukasimama katikati. Bwana Msengi aliugonga kwa kucha, akidhani umekwama. Ulirudi pale pale. Asha alikuwa mlangoni anakula ukoko wa ugali, anatutazama.

Mzee yule aliifungua mizani, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha sandukuni kipande kwa kipande. Nikamuuliza kama hatuachii tena. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, niliona meno yake.

"Hii narudi nayo," akasema. "Huku mnayo tayari."